Koki ya petroli ikivunjika kwenye pikipiki ya zamani: namna ya kuibadilisha na tangi libaki salama

Mkono wa koki, ile vali ndogo chini ya tangi inayofungua na kufunga petroli, ulinikatikia vidoleni nje kidogo ya Wobulenzi, kaskazini mwa Kampala, mvua ikianza kudondoka, nilipotaka kuuzungusha uende rizavu. Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 125 ya miaka ya 1980 aliyoniachia baba mdogo, na haijawahi kunilaza njiani. Nilikibana kibutu kilichobaki kwa koleo, nikakizungusha, nikafika Bombo usiku. Kesho yake nikanunua koki mpya, nikaifunga kwa nusu saa, nikalala nimeridhika. Alfajiri nilikuta duara jeusi la petroli kwenye udongo chini ya injini.

Koki ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeifunga bila kutazama mahali inapokaa. Kubadilisha koki ni kufungua boli mbili na kufunga boli mbili, lakini kazi hasa iko kwenye tangi. Ukilielewa hilo, hutanunua koki tatu kwa mwaka, na hutaipoteza pikipiki ya mzee wako kwa moto. Nimeandika kwa kirefu pale ambapo watu huharibu zaidi.

Koki inavyofanya kazi

Koki ya pikipiki ya zamani ya Kijapani ni kitu rahisi. Ndani ya tangi husimama vijibomba viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Nyingine zina kijibomba kimoja kirefu na tundu jingine chini kabisa. Mkono ukiwa kwenye ON, petroli inaingia kwa kile kirefu. Ikishuka chini ya mdomo wake, injini inaanza kukohoa, unageuza kwenda RES, yaani rizavu, na petroli iliyobaki chini inapata njia. Wengi hudhani rizavu ni chumba cha pembeni. Ni sakafu ya tangi lilelile. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo maji ya mvua yaliyopenya kwenye kifuniko, kutu na mchanga, vyote hukaa hapo hapo. Mtu asiyegusa rizavu mwaka mzima, siku atakapoigeuza ataivutia kabureta matope.

Nyuma ya mkono kuna kisahani cha mpira, karibu ukubwa wa sarafu ya shilingi hamsini, chenye matundu madogo. Mkono unapozunguka, mfereji wake unaunganisha tundu moja na jingine. Waya wa springi uliopindapinda ndio unaoukandamiza mkono dhidi ya mpira huo. Kitoe kisahani cha zamani, ukikune kwa ukucha. Kikiwa kizima, alama inajaa yenyewe na kupotea. Kikiwa kimekufa, ukucha unaacha mstari mweupe unaobaki, na ukikitazama pembeni utaona mkono umechimba mviringo juu yake. Mkono mgumu huanzia hapo: mpira unakauka, unaushika mkono, mwenye pikipiki anaongeza nguvu, chuma laini cha mkono kinakatika. Koki yangu haikuvunjika siku ile Wobulenzi. Ilianza kuvunjika miaka kabla, kila nilipoulazimisha mkono badala ya kujiuliza kwa nini umekuwa mgumu.

Kwanza hakikisha ni koki kweli

Pikipiki ikitembea kilomita chache kisha ikazima, ukasubiri kidogo ikawaka tena, usikimbilie dukani. Inapozima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa kwa mluzi na injini ikawaka mara moja, tatizo ni kitundu cha hewa kwenye kifuniko. Vumbi la barabara ya murram likichanganyika na mafuta hukiziba kabisa. Kisafishe kwa sindano na petroli, umemaliza.

Kama si hicho, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uweke ndani ya chupa, ugeuze koki. ON inapaswa kutoa mkondo usiokatika. Ukianza vizuri kisha ukageuka matone, kuna uchafu kwenye chujio la vijibomba au ndani ya kijibomba chenyewe. Ukiwa OFF, chupa ibaki kavu. Iache kwa saa moja ukiwa na shughuli nyingine, kisha urudi uangalie.

Koki inayovujia ndani usiivumilie. Ikikutana na sindano ya kabureta iliyochakaa, ile inayozuia petroli kabureta ikijaa, petroli hushuka usiku kucha hadi ndani ya injini. Kwenye injini ya mipigo miwili kama yangu inajaa chini, na asubuhi plagi inatoka imelowa. Kwenye ya mipigo minne, kama Honda CG 125, inaingia kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Chomoa kijiti cha oili unuse. Kikinukia petroli, usiwashe hata kidogo. Mwaga oili yote uweke mpya baada ya kurekebisha koki na sindano.

Jambo jingine la kuangalia ni mahali uvujaji unapotokea. Ukitokea kwenye mkono, kisahani au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) imekufa, na kama skrubu za bamba la mbele zinafunguka, unaweza kubadilisha vitu hivyo tu ukaibakiza koki yako ya asili. Mimi huchagua hivyo kila inapowezekana, kwa kuwa koki za kiwandani za miaka ile nyingi zimetengenezwa kwa chuma kizuri kuliko zinazouzwa sasa. Ukitokea pale koki inapogusana na tangi, ni gasketi, boli au uso wa tangi. Mkono ukiwa umekatika na koki ni ya kubanwa kwa riveti, hapo huna budi kununua nyingine.

Kupima na kununua

Usiende sokoni mikono mitupu. Fungua koki ya zamani uende nayo, hata kama pikipiki italala siku mbili bila koki. Sisi wa Bombo tunapanda teksi hadi Kampala, kilomita kama 35, na spea za pikipiki tunazitafuta soko la Kisekka. Koki za Bajaj Boxer ziko kila kona kwa sababu boda nyingi ndizo hizo. Kishawishi kipo hapo: ni rahisi kupata, basi mtu anailazimisha kwenye pikipiki ya mwaka 1979.

Kijana wa duka moja alinishika mkono. "Mzee, chukua hii, inaingia zote."

"Kijana wangu, zilete zote mbili tuzilaze pamoja," nikamwambia.

Tukazilaza juu ya meza. Matundu ya boli yalilingana sawasawa. Mdomo wa kutolea mafuta ulielekea nyuma kama wangu. Lakini kijibomba kirefu cha ile mpya kilipungua kwa upana wa kidole. Ningeifunga, ingekaa vizuri, isingevuja, na siku moja ningegeuza kwenda RES nikute karibu hakuna kilichobaki. Kijana mwenyewe alicheka kwa mshangao. Hakuwa amewahi kuvipima vijibomba. Alinitafutia nyingine duka la jirani.

Pima hivi. Kwanza, kutoka katikati ya tundu moja la boli hadi katikati ya jingine. Kwenye pikipiki za Kijapani vipimo vya milimita 34 na 44 ni vya kawaida, ila usikisie, tumia rula. Pili, urefu wa vijibomba vyote viwili juu ya uso wa koki. Tatu, unene wa mdomo wa kuvalia mpira, kwa kawaida unaochukua mpira wa ndani milimita 6 hivi. Nne, mwelekeo wa mdomo na nafasi ya mkono kuzunguka: koki nyingine inakaa vizuri lakini mkono unagonga injini kabla haujafika RES. Ukikosa kijibomba chenye urefu wako, chukua kirefu zaidi ukikate kidogo kidogo kwa msumeno wa chuma, upige tupa, upulize chembe zote nje. Kifupi hakina dawa.

Honda nyingi ndogo za zamani hazina boli mbili. Zina nati moja kubwa inayozunguka shingo ya tangi. Hapo kipimo ni meno ya nati. Jaribu nati ya koki mpya kwenye shingo kwa vidole tu. Ikikataa baada ya mzunguko mmoja, si yenyewe, wala usiiongezee spana. Shingo ya tangi ikiharibika meno, ukarabati wake ni mgumu kuliko kununua koki kumi.

Wakati unanunua, nunua pia oringi au gasketi ya akiba na washa za boli, zile za nailoni au faiba. Nitaeleza baadaye kwa nini. Mpira wa mafuta na klipu zake nunua upya vilevile.

Mahali pa kazi

Hili lisomwe polepole. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo kwenye joto letu mvuke upo muda wote. Nao ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea, unatambaa chini, unafuata mteremko wa ua, unaingia jikoni. Sigiri iliyo hatua kumi, upande wa chini wa upepo, inatosha.

Kwetu sigiri ya shemeji hukaa pembeni ya mwembe, palepale nilipozoea kuegesha pikipiki. Siku ya kazi nilimwambia, "Shemeji, leo niazime uwanja hadi adhuhuri, sigiri ihamie nyuma." Akaihamisha na watoto akawaita waende naye. Ni neno moja tu, lakini liseme kabla ya kufungua chochote. Simu, sigara, taa ya kibatari, jenereta, vyote viende mbali. Chomoa waya wa betri kama pikipiki yako ina betri. Weka karibu karai la mchanga mkavu. Usimwagie maji petroli inayowaka, kwa kuwa inaelea juu yake na kuusambaza moto.

Fanya kazi nje, asubuhi kabla jua halijachoma, injini ikiwa imepoa kabisa.

Kutoa petroli na tangi

Mwaga petroli kupitia mpira wa mafuta kwenda kwenye jerikeni safi la plastiki gumu, ukiligusisha na ardhi. Koki ikiwa imeziba, usiifungue petroli ikiwa bado ndani ukitegemea kuiwahi kwa mkono. Ifyonze kwa mpira kutoka juu. Usifyonze kwa mdomo. Petroli ikiingia kwenye mapafu inaua. Jaza mpira huo petroli kwanza kwa kuuzamisha wote, ziba ncha moja kwa kidole, ishushe chini ya kiwango cha tangi, achia.

Toa kiti. Matangi mengi ya Kijapani hushikiliwa nyuma kwa boli moja au kitanzi cha mpira, na mbele yamekaa juu ya vipande viwili vya mpira. Inua nyuma, vuta kuelekea kwako. Usiburuze rangi kwenye fremu. Lilaze tangi juu ya blanketi kuukuu, upande wa koki ukitazama juu.

Sasa boli. Kwa kawaida ni za milimita 6, kichwa cha spana namba 10, au skrubu za nyota. Skrubu za Kijapani zina nyota isiyo na kina kama ya bisibisi yetu ya kawaida, ndiyo maana bisibisi huruka na kuzila. Tafuta bisibisi inayojaa kabisa, igonge mara mbili tatu kwa nyundo ndogo ikiwa ndani ya skrubu, kisha ikandamize kwa uzito wa mwili unapozungusha. Kwa boli iliyoshikwa na kutu, weka mafuta ya kulainisha usiku uliotangulia. Ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze; kule kukaza huvunja kutu.

Ikikatika ndani, tulia. Usimpelekee fundi wa kuchomelea tangi hilo, wala usilipashe moto. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa: mvuke wa petroli ukichanganyika na hewa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hulipuka, na tangi lililomwagwa jana lina mchanganyiko huo. Lisuuze kwa maji na sabuni mara kadhaa, lijaze maji, kisha toboa boli kwa drili ya mkono, biti ya milimita 5, katikati kabisa, na upitishe tepu ya kuchongea meno ya milimita 6. Kama mkono wako hauna uzoefu wa kutoboa, hapa ndipo pa kumlipa fundi wa mashine.

Tazama ndani ya tangi

Wengi huruka hatua hii. Ingiza tochi ya plastiki iliyofungwa vizuri, uiwashe ukiwa mbali ndipo uisogeze mdomoni mwa tangi, na uwe umeliacha tangi wazi kwenye upepo kwa saa kadhaa. Sakafu yake inakuambia koki mpya itaishi siku ngapi. Rangi ya kahawia iliyoshika sawasawa bila kumeguka si mbaya sana. Magamba yanayobanduka, au unga mwekundu kwenye kitambaa ulichopitisha kwenye tundu la koki, ina maana kuwa koki mpya itakwanguliwa kisahani chake kwa kutu hiyo hiyo iliyoua ya zamani.

Kwa kutu ya wastani natumia siki. Nalisafisha tangi kwa maji na sabuni ya unga hadi lisinuke, naziba tundu la koki kwa kibati na kipande cha mpira kilichobanwa kwa boli, namimina siki nyeupe hadi ijae, naiacha siku moja hadi mbili. Kabla ya hapo natia kiganja cha nati kuukuu na kulitikisa tangi pande zote. Zihesabu nati unapoingiza na unapotoa. Mimi niliingiza 20 na 20 zikatoka. Ingebaki moja ningeisikia ikigonga kila nikikata kona.

Siki ikimwagwa, suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya magadi ili kuua asidi, suuza tena kwa maji safi, kisha ukaushe haraka juani, midomo yote ikiwa wazi. Bati lililotoka kwenye siki hushika kutu mpya ndani ya saa moja, kwa hiyo mara likikauka, zungusha ndani petroli kidogo iliyochanganywa na oili hadi kila pembe ilowe. Siki ikigusa rangi ya nje ifute papo hapo.

Likianza kutoa unyevu upande wa chini baada ya kutu kutoka, basi ilikuwa kutu ndiyo inayoziba tundu. Njiani, sabuni ya mche iliyokandwa na kusuguliwa juu ya ufa huzuia petroli kwa siku moja au mbili, kwa sababu petroli haiiyeyushi. Ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Uso wa tangi na uso wa koki

Usiku ule petroli ilipitia hapa. Juu ya tangi langu palibaki utando mwembamba wa gundi nyekundu ya gasketi aliyoweka mtu zamani. Gasketi mpya ilikaa juu ya utando huo, petroli ikaupitia chini yake.

Silikoni ya kawaida, ya rangi yoyote, haivumilii petroli. Inavimba, inakuwa kama ugali mwembamba, na vipande vyake vinakwenda kuziba jeti ya kabureta. Ikwangue yote kwa kipande cha mti mgumu au plastiki, bisibisi itachora bati. Maliza kwa msasa namba 400 uliozungushiwa kibao kilichonyooka, ukiwa umeziba tundu kwa kitambaa ili vumbi lisiingie.

Kisha chukua koki. Laza msasa huohuo juu ya kioo, weka uso wa koki juu yake, usugue kwa mwendo wa namba nane. Ukiinua baada ya mizunguko michache utaona: sehemu zinazong'aa ndizo zilizoinuka, zenye giza zimebonyea. Endelea hadi uso wote ung'ae sawa. Koki iliyowahi kukazwa kupita kiasi huwa imepinda masikio yake mawili na haikai sawa hata ukiwekea gasketi mbili. Ioshe kwa petroli safi, ipulize.

Kabla ya kuifunga ijaribu mdomoni, ikiwa kavu na haijaingia petroli. Puliza kwenye mdomo wa mafuta huku mkono uko OFF: hewa isipite. ON: ipite kwenye kijibomba kirefu. RES: ipite kwenye kijibomba kifupi au tundu la chini. Koki mpya iliyokataa hapa irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kuhusu oringi: mafundi wengi hukata gasketi kwenye mpira wa ndani wa tairi. Usifanye hivyo, unavimba ukiloa petroli na kuwa laini. Washa za mpira za fundi bomba nyingi nazo hivyohivyo. Ukiwa na shaka na mpira wowote, uweke ndani ya kifuniko chenye petroli usiku mmoja ukiwa na mwenzake mkavu pembeni. Asubuhi ulinganishe. Ukinenepa, tupa.

Kufunga

Weka oringi kwenye mfereji wake bila gundi. Tone la oili linatosha kuishika. Ingiza vijibomba taratibu, chujio lisikunjike kwenye kingo za tundu. Kila boli iwe na washa ya nailoni au faiba chini ya kichwa. Kwenye matangi mengi tundu la boli linatokeza hadi ndani, kwa hiyo petroli hufuata meno ya boli na kutokea chini ya kichwa. Utaapa kwamba gasketi ndiyo mbovu, utaibadilisha mara nne.

Anza boli zote mbili kwa vidole. Kisha spana fupi, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Vikigusa, ongeza robo ya mzunguko kila moja, uache. Kinachozuia petroli ni oringi iliyobanwa kiasi. Nguvu ya ziada inapinda koki na kung'oa meno ya tangi. Kwa koki ya nati, shikilia mwili wa koki kwa mkono mmoja usizunguke na nati, kwa kuwa ukizunguka unaikata oringi.

Kujaribu

Tangi likiwa bado juu ya meza, mimina nusu lita tu. Koki OFF. Kausha kila kitu kwa kitambaa, kisha paka chaki ya shule kuzunguka ukingo wa koki, vichwa vya boli na shingo ya mkono. Petroli hukauka hewani kabla hujaiona, lakini kwenye chaki inaacha mstari wa kijivu. Tandika gazeti chini. Mimi nilikaa pale na kikombe cha chai, nikatazama kichwa cha boli ya kushoto. Baada ya dakika kumi chaki ikaanza kuiva rangi upande mmoja tu, kwa nukta ndogo kama kichwa cha sindano. Nilimwaga petroli, nikafungua, nikakuta washa ya faiba imepasuka. Nikaweka nyingine. Chaki ikabaki nyeupe hadi jioni.

Baada ya hapo jaribu ON na RES kwa chupa. Tangi lirudi kwenye fremu, mpira mpya uvalishwe. Uwe mpira wa petroli hasa. Ule mwangavu wa maji hugeuka mgumu na mwembamba kwa muda mfupi, unachomoka kwenye mdomo wa koki, na chini yake kuna injini ya moto. Ushuke moja kwa moja bila kupanda mgongo mahali popote, usiguse eksozi, na klipu ziwe pande zote mbili. Filta ya karatasi sipendi kwenye pikipiki ndogo ambayo mafuta yake hushuka kwa uzito wake tu, huwa inaibana; ya wavu inatosha kama tangi umelisafisha.

Kwa wenye BSA na pikipiki nyingine za Uingereza

Bado kuna wazee wenye BSA uani. Nyingi za pikipiki hizo, zikiwemo Bantam zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, zina koki inayoskrubiwa kwa meno ya robo inchi ya bomba, meno 19 kwa inchi, kipenyo cha nje karibu milimita 13. Fundi bomba anayajua, na hatari inaanzia hapo: viungo vingi vya bomba vimechongwa kwa mteremko, vinanenepa kadiri vinavyoingia, na ukivikaza vinapasua kikombe cha meno kilichochomelewa kwenye tangi. Koki ya pikipiki ina meno yaliyonyooka na huzibwa na washa ya faiba au ya chuma chenye mpira ndani. Utepe mweupe wa fundi bomba uache. Nyuzi zake huishia kwenye kabureta.

Koki nyingi za BSA ni za kusukuma na kuvuta, na ndani yake kinachoziba ni kizibo cha kok, ile gome nyepesi. Kizibo hukauka tangi likikaa tupu, kinasinyaa, koki inavuja. Mzee mmoja jirani alitaka kuitupa yake. Tuliichomoa, tukakilaza kizibo kwenye maji yaliyochemka hadi yalipopoa, kikavimba kikarudi kubana. Tangu siku hiyo haachi tangi lake likauke.

Siku za kwanza

Kagua boli baada ya kilomita 50 hivi, injini ikiwa imepoa. Oringi huwa imekaa, na pengine spana itasogea kidogo sana. Fungua kikombe cha uchafu chini ya koki, kama kipo, uone kilichoshuka. Mara moja kwa mwezi tembea kilomita chache ukiwa kwenye RES, tangi likiwa na mafuta ya kutosha, ili chochote kilicho chini kipite kidogo kidogo kisije kwa mkupuo.

Kisha ipime rizavu yako. Tembea karibu na nyumbani ukiwa ON hadi injini ikohoe, sukuma pikipiki hadi uani, geuza RES, umwage kilichobaki kwenye chupa yenye alama. Yangu ilitoa lita 1 na robo. Nimeliandika kwa wino usiofutika chini ya kiti, pamoja na tarehe niliyofunga koki.